MWIZI WA DUMU NA MWIZI WA LORI

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na mmoja katika ndugu zetu wa visiwani wenye maduka Ngaramtoni, Arusha



Tumetakiwa na Kamati tuzungumze nanyi jioni hii, na sisi si wasemaji wa kupigiwa makofi. Elimu yetu ni ya chuo cha Kurani, na kazi yetu ni mizani na daftari la madeni. Walakin mwenye duka huona mambo ambayo mwenye ofisi hayaoni, kwani watu huja kwake wakiwa na pesa na huja wakiwa hawana. Na jambo tulilolileta leo tumelijua kwa khasara yetu wenyewe, na kwa aibu yetu wenyewe. Tunataka kusema juu ya kosa dogo linalotendwa baada ya balaa kubwa, na namna askari na raia wanavyopaswa kulikabili.

Ngaramtoni ni mji mdogo ulioko njia ya Nairobi, kiasi cha kilomita 12 kutoka Arusha mjini, chini ya mteremko wa Mlima Meru. Siku za gulio akina mama wa Kiarusha hushuka na viazi na kabichi na maharage, na Wamasai huja na mbuzi wao. Sisi watu wa visiwani tumekaa hapo tukiuza unga, mafuta, mabati na misumari, na wenyeji wametupa sote jina moja, awe mtu ametoka Makunduchi au Micheweni: Mpemba. Hatukuchukia. Wametupokea kwa wema, na watoto wetu wanacheza na watoto wao.

Mwezi wa Aprili 2024 mvua zilikuwa nyingi mno. Idi ilikuwa Jumatano, tarehe 10. Siku mbili baadaye, tarehe 12, basi la skuli lilichukuliwa na maji ya korongo katika Jiji la Arusha, na watoto wakafa. Kwa hiyo yalipotufika sisi, watu walikwisha kuwa na kilio nyoyoni mwao. Usiku mmoja katika siku zilizofuata, maji yalishuka kutoka mlimani na matope na magogo, yakabomoa ukuta wa nyuma wa ghala yetu, na yakazoa nyumba kadhaa za udongo zilizokuwa chini yetu kando ya korongo. Alhamdulillahi hakufa mtu katika upande wetu. Lakini mtu aliyetoka nyumbani kwake usiku wa manane na mtoto mgongoni, akasikia ukuta ukianguka nyuma yake, huyo amepona mwili tu.

Kulipopambazuka tulikuta mali yetu imetawanyika bondeni: magunia ya unga yaliyolowa, madumu ya mafuta ya kupikia, mabati yaliyojikunja kama karatasi. Na watu walikuwa wakiokota. Tuulizane, ndugu zangu: yule aliyeokota dumu letu matopeni, alikuwa akituokolea mali yetu au akituibia? Saa ile hata yeye mwenyewe hakujua. Siku ya pili alijua, kwani dumu lilikuwa chini ya kitanda chake na hakulirudisha. Siku ya tatu tuliona mabati yetu manne juu ya kibanda cha mama mmoja mjane, na misumari bado mipya.

Hapo hasira ilitushika. Tuliona tumepata khasara mara mbili, kwanza kwa maji na tena kwa jirani. Tukaenda kwa walinzi wa mtaa tukawaambia, “Kamateni.” Wao nao walikuwa wakingoja neno hilo. Wakapita nyumba kwa nyumba na fimbo, wakawatoa watu wanne mbele ya watoto wao. Mmoja alikuwa kijana wa miaka kumi na minne, ambaye nyumba ya mama yake ilikwenda na maji. Yeye ndiye aliyekuwa na dumu. Watu wakajaa njiani, na walikuwapo waliokwisha kutafuta tairi na kiberiti. Mnajua maana yake. Lau si mzee mmoja wa Kiarusha aliyeingia kati na kumkumbatia yule kijana mpaka walinzi wakamwondoa, leo tungekuwa tukijibu damu ya mtoto kwa lita 20 za mafuta.

Alilala mahabusu siku mbili. Aliporudi, mama yake alitwambia kwamba hazungumzi, na kwamba mvua ikianza kugonga bati huinuka akakaa mlangoni. Sisi tukajiambia kuwa sheria ni sheria.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Usiku wa nne baada ya kukamatwa wale watu, lori lilikuja nyuma ya ghala yetu. Watu wakashuka, wakapakia mali yote iliyokuwa imesalimika, tena bila ya pupa, wakaenda zao. Nyumba zilizokuwa karibu zilisikia. Mbwa walibweka, taa ziliwashwa kisha zikazimwa. Hapana aliyepiga kelele, hapana aliyetupigia simu. Asubuhi tulipouliza, kila mmoja alisema alikuwa amelala. Hawakuwa wamelala. Walikuwa wamekwisha kuona nini hufanywa mtu anapotajwa kwa walinzi, na hawakutaka tena kumtaja mtu yeyote. Kwa kulifukuzia dumu moja tulipoteza ghala nzima.

Ndipo tulipokwenda kwa yule mzee, ambaye ni laigwanani, yaani kiongozi wa rika kwa mila ya Kiarusha, tukakaa naye na balozi wa mtaa na imamu wa msikiti wetu. Alituambia neno moja: “Ustadhi, maji yalikuja kwako na kwetu usiku mmoja. Wewe ulihesabu mali yako peke yako.”

Wakatengeneza utaratibu. Ilitangazwa kuwa kwa siku tatu kila aliyeokota kitu akilete uwanjani penye gulio, akiweke, aende zake, asiulizwe jina. Aliyekwisha kula unga aseme kwa mzee wake, na deni liandikwe. Aliyeezeka kwa bati lisilo lake asilishushe mvua ikinyesha, ila alipe kidogo kidogo. Baada ya siku tatu, atakayekutwa na mali ya mwenziwe atapelekwa polisi, na hapana atakayemwombea. Vitu vilirudi, si vyote, lakini vingi kuliko tulivyotarajia. Yule mama mjane alimaliza deni la mabati yake kwa viazi, mwezi kwa mwezi. Na wiki mbili baadaye akaja kijana usiku, akasimama mlangoni, akataja rangi ya lori na maandishi yaliyokuwa ubavuni mwake. Alikuwa yule yule kijana wa dumu. Tulimwomba radhi mbele ya mama yake, na mpaka leo hatujui kama alituridhia.

Ndugu wanachama, hayo hayakuwa mapya, na sisi tuliosoma chuo tulikuwa na haya ya kuyajua kabla. Mwaka wa 18 wa Hijra, karibu na mwaka 639 wa Miladi, njaa kuu ilishika Hijazi, na mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Majivu. Sayyidna Umar bin Khattab, radhiya-llahu anhu, akaisimamisha adhabu ya kukata mkono kwa wizi mpaka njaa ipite. Hakusema kuwa wizi umekuwa halali. Alisema, kwa kitendo chake, kwamba hakimu hana budi kumtazama mtu na hali aliyomo.

Na Imam Malik ameipokea katika Muwatta khabari ya watumwa wa Hatib bin Abi Balta'a, waliomwiba ngamia wa mtu wa kabila la Muzayna wakamchinja. Umar alikuwa amekwisha kuamuru wakatwe; kisha akamgeukia bwana wao, kwani alimwona kuwa ndiye aliyewaweka na njaa. Akamtoza yeye. Mwenye ngamia alisema asingemtoa kwa dirham 400, na Umar akaamuru alipwe 800. Tazameni insafu iliyomo: mwenye mali hakuambiwa asamehe tu, alilipwa, tena maradufu, mwenye njaa hakukatwa, na mzigo uliwekwa juu ya bega la aliyekuwa na uwezo wa kuzuia njaa. Kila mmoja katika watatu hao alipata haki yake.

Baadhi yenu mtasema, “Hayo ni ya zamani.” Basi na tutazame ya karibu. Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, matope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang, mkoani Manyara, yakafunika sehemu za mji wa Katesh na kijiji cha Gendabi na vijiji vya jirani. Watu 89 walipoteza maisha kwa hesabu ya Serikali. Baadaye zilijengwa nyumba 109 pale Waret kwa ajili ya waliopoteza makazi. Sisi wenye maduka ya Ngaramtoni tulichanga unga na mablanketi kama wengine, na aliyekwenda kuyapeleka alirudi na maneno haya: kwamba mtu aliyeponea matopeni huchimba pale palipokuwa nyumba yake, akitafuta sufuria, cheti cha skuli, picha ya mzazi. Askari akimwambia, “Ondoka, hapa pamekatazwa,” amesema kweli, kwani pana khatari. Lakini yule hasikii amri mara ya kwanza, wala ya pili. Si mkaidi, akili yake ingali usiku ule. Askari mwenye busara hukaa naye, humwuliza anatafuta nini, pengine humshikia jembe kwa robo saa, kisha humwondoa kwa mkono. Asiye na busara humpiga, na kwa pigo moja amejifanya sehemu ya balaa.

Mvua za msimu ule hazikuishia Arusha. Waziri Mkuu alitangaza mwishoni mwa Aprili 2024 kwamba watu 155 walikwisha kufa nchini na zaidi ya 200,000 kuathirika. Jirani zetu wa Kenya walipatwa na zaidi ya hayo. Mwezi wa Mei Serikali yao ikatoa saa 24 kwa waliokaa karibu na mabwawa na hifadhi za maji 178 wahame, na mjini Nairobi matingatinga yakabomoa vibanda vya kando ya mito, Mathare na Mukuru. Kujenga kando ya mto ni kosa, hatubishi. Na mto ulikuwa ukiua. Lakini watu walioibiwa kila kitu na maji waliona tingatinga linakuja kuchukua kilichosalia, na ahadi ya shilingi 10,000 kwa kila kaya ikaja baadaye. Lau ahadi ingetangulia na tingatinga likafuata, kazi ingekuwa ile ile na machozi yangekuwa machache.

Na ndugu zetu wa Maore walipigwa na kimbunga Chido tarehe 14 Desemba 2024. Utawala wa Kifaransa ukaweka marufuku ya kutoka usiku. Kisha Januari 2025 ikatoka amri kuwa mabati ya kuezekea yasiuziwe mtu binafsi ila mwenye kitambulisho na uthibitisho wa makazi yake. Makusudi yalikuwa vibanda visivyo na ruhusa visijengwe tena. Sisi tuuzao mabati tunaifahamu amri hiyo kuliko waliyoiandika. Ilimfanya mwenye duka kuwa askari, na ilimfanya mwenye watoto mvuani kuwa mhalifu kwa kutafuta paa. Na bati, likikataliwa mlango wa mbele, hutafutiwa mlango wa nyuma, kwa bei ya juu zaidi. Anayetajirika hapo ni mlanguzi.

Na kwa wakubwa wa dunia pia haikuwa bora. Agosti 2005 kimbunga Katrina kiliupiga mji wa New Orleans, Marekani. Uvumi wa uporaji ukaenea, na Meya akaamuru askari kiasi cha 1,500 waache kazi ya kuokoa watu waende kuzuia uporaji, hali watu wakingali juu ya mapaa wakiomba msaada. Tarehe 4 Septemba, katika daraja la Danziger, askari waliwafyatulia risasi raia wasiokuwa na silaha. Wawili wakafa na wanne wakajeruhiwa. Mwaka 2016 waliokuwa askari watano walikiri makosa yao mahakamani kwa jambo lile. Hiyo ndiyo njia ya khofu: mtu huanza kwa kulinda televisheni ya dukani, akaishia kumuua mpita njia.

Tunajua hoja ya upande wa pili, na ni hoja ya watu wema, kwani ilikuwa hoja yetu. Husemwa, “Mkimwachia wa dumu leo, kesho ataiba lori.” Tumeipima hoja hiyo kwa mizani tuliyoilipia, na tumeiona ina upungufu. Wezi wa lori hawakutoka katika wale waliookota matopeni. Walikuja na gari, na kamba, na turubai. Walijua ghala yetu imefunguka na watu wamegawanyika. Mwizi wa dumu ameumbwa na balaa, na balaa likipita naye hupita, akipewa njia ya kurudi. Mwizi wa lori hungoja balaa kama sisi tunavyongoja msimu wa karafuu. Kadhalika mwenye karani na mhuri, anayepunguza magunia ya msaada kabla hayajafika, au anayeandika majina ya watu wasiokuwapo katika daftari la waathirika. Hao hawaogopi fimbo za walinzi wa mtaa, kwani fimbo haziwafikii. Waogopacho ni jirani aliye macho na asiyeogopa kusema. Na jirani huyo ndiye tunayemtia khofu tunapomfukuzia dumu.

Tena hatusemi kwamba kosa dogo lipuuzwe. Mwenye duka naye ni mtu. Naye ana watoto, na deni la ghala. Akiambiwa kila siku “samehe, samehe,” mwisho atafunga duka, na mtaa utakosa chumvi. Ndiyo maana Umar alimlipa mwenye ngamia.

Sasa, ndugu wanachama, kwa nini tuyalete haya visiwani? Kwa sababu hatuko mbali na balaa. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja kikang'oa minazi na mikarafuu, na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na vyombo vya abiria baina ya Unguja na Dar es Salaam vikasimama. Nani katika sisi asiyekumbuka maji yalivyokuwa yakijaa Mwanakwerekwe? Na sisi ni watu ambao askari akiingia mtaani na gari, milango hufungwa. Sababu zake mnazijua, wala si za jioni hii. Mtaa wa namna hiyo ukipatwa na mafuriko, khofu mbili zitakutana.

Tunayo Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, iliyowekwa kwa Sheria Namba 1 ya mwaka 2015. Chama chetu, kikiwa chama cha upinzani, wajibu wake si kungoja Serikali ikosee kisha kushangilia. Tunaomba wawakilishi wetu na matawi yetu wayasimamie mambo manne, kabla ya masika na si baada yake.

Kwanza, katika siku za mwanzo za balaa askari wawe wa kuokoa na kulinda njia, na ukamataji kwa makosa madogo ungoje, isipokuwa pale penye kuumiza mtu. Pili, iwekwe muhula maalum wa kurudisha mali bila ya kuulizwa jina, chini ya sheha pamoja na wazee na imamu, na utangazwe msikitini na sokoni. Tatu, mwenye mali iliyopotea aandikiwe khasara yake, na fungu la msaada limkumbuke naye. Nne, daftari la wanaopewa msaada libandikwe ukutani kila shehia, kila mtu alisome. Hilo litazuia wizi mwingi kuliko gari kumi za askari.

Nasi wanachama tuna la kwetu, lisilohitaji sheria wala fedha. Uvumi wa “kuna wezi” ukifika barazani pako, uliza: nani aliona, wapi, nini kilichukuliwa? Ukiona kundi linamzunguka mtu, usipite. Mzee yule wa Ngaramtoni hakuwa na cheo wala silaha. Alikuwa na mikono miwili, akaitumia kumkumbatia mtoto ambaye sisi tulikuwa tumemtaja.

Twamwomba Mola atukinge na mafuriko, na atukinge na nafsi zetu siku ya pili yake.

Wassalamu alaykum.